Uzi: Nasoma X-Men toleo moja kila Ijumaa kuanzia lile la 1975, namfuata Ororo

KALAMU YA MERU · Januari

Wakuu heshima kwenu, na wakubwa zangu shikamooni.

Mwaka 2004 nikiwa kidato cha pili, pale soko la Kilombero hapa Arusha kulikuwa na mzee anauza vitabu vya mtumba. Anavimwaga kwenye turubai, unachambua mwenyewe. Siku moja nikaokota kijitabu cha katuni kisicho na jalada, kurasa za mwanzo zimenyofoka, karatasi imekuwa rangi ya chai ya maziwa. Nikatoa shilingi 500. Ndani mna mwanamke mweusi mwenye nywele ndefu nyeupe kama pamba, anaingia jengo lililochakaa mtaa wa Harlem, New York, kuitafuta nyumba aliyoishi baba yake. Anakuta humo watoto wanaojidunga dawa za kulevya. Nilikisoma na kamusi mapajani, nikakirudia mpaka pini zikalegea. Nilichoambulia ni kwamba mwanamke yule anaitwa Ororo, na wenzake wanamwita Storm. Katoka wapi, kafikaje pale, kwa nini ana uchungu ule, sikujua.

Kijitabu kile ni X-Men toleo la 122, Juni 1979. Bado ninacho, kimo kwenye bahasha ya kaki.

Mwaka huu nimelipia programu ya Marvel ya kusomea kwenye simu, na matoleo ya zamani yamo. Ningeweza kuyamaliza kwa wiki mbili bando likiruhusu, ila sitaki. Yaliandikwa yatoke moja moja, na watu wakakaa wakisubiri. Nami nitasoma moja kila Ijumaa usiku nikishafunga duka, halafu nitakuja hapa kueleza. Nataka nifike 122 kwa miguu.

Kwa wasiojua: X-Men ilianzishwa na Stan Lee na Jack Kirby mwaka 1963. Vijana waliozaliwa na jeni zilizobadilika, wanaitwa mutanti, wana nguvu za ajabu, na dunia wanayoilinda inawaogopa. Mauzo yalikuwa hafifu. Baada ya toleo la 66, Machi 1970, hadithi mpya zikakoma, na kwa miaka mitano gazeti likawa linarudia hadithi za zamani mpaka toleo la 93. Ndipo Mei 1975 likatoka Giant-Size X-Men, toleo nene la senti 50, limeandikwa na Len Wein, limechorwa na Dave Cockrum. Kundi la zamani limenaswa kisiwani Krakoa, Profesa Xavier, kiongozi wao anayesoma akili za watu, anazunguka dunia kukusanya kundi jipya. Ujerumani anamwokoa Nightcrawler na watu wenye mienge. Kanada anamchukua Wolverine. Siberia, karibu na Ziwa Baikal, anampata kijana mkulima aliyelisimamisha trekta kwa mwili wake ili kumwokoa dada yake mdogo.

Halafu ukurasa unaandika Kenya, Afrika Mashariki. Nchi imekauka, watu wamepiga magoti, wanamwomba mungu wao wa kike alete mvua. Anatokea Ororo, nywele zinapeperuka, mawingu yanakusanyika, mvua inashuka. Xavier anamwambia wewe si mungu, wewe ni mutanti, na una wajibu kwa dunia. Anafunga safari.

Kurasa chache tu hizo. Nilizisoma mara nne usiku ule.

MTOTO WA PANGANI · Januari

Mkuu nimeweka kambi hapa. Mimi filamu zake nimeziona zote, katuni sijawahi kushika hata moja. Swali la mjinga: kwa nini toleo moja kwa wiki? Kuna vitabu vyenye matoleo ishirini na kitu ndani.

KOBE MZEE · Januari

Hata mimi nauliza hilo. Nilinunua ule mkusanyiko mzito, nikamaliza siku tatu za mapumziko. Hadithi ni ile ile ukiisoma leo au ukiisoma mwezi mzima. Kujinyima ni kujitesa tu.

MWANA WA KITUI · Januari

Mimi nitasema lililo moyoni. Hiyo sehemu ya Kenya inaniudhi. Sisi Wakamba mvua tunaiomba kwa Mungu, Mulungu. Wazee wanaenda ithemboni, penye mti mkubwa, wanatoa sadaka na kuomba. Hakuna mwenyeji wa kwetu anayempigia magoti msichana aliye nusu uchi juu ya mwamba. Mzungu alichora Afrika aliyoiwazia tu.

KALAMU YA MERU · Januari

Mwana wa Kitui, nakubaliana nawe, sitatetea ukurasa ule. Hakuna kabila linalotajwa, hakuna kijiji chenye jina, na hao wanakijiji hawana hata mmoja mwenye sura yake binafsi. Wenzake Ororo wana mahali: Kolosasi (ndivyo ninavyomwita Colossus, yule kijana wa trekta) ana shamba la ushirika, ana wazazi, ana dada. Ororo kapewa bara zima badala ya nyumbani. Shika hilo, maana nadhani kuna mtu mwingine naye aliliona, na tutafika.

Kobe Mzee, nijibu kwa mfano. Ijumaa mbili zilizopita nimesoma la 94 na la 95. Kuanzia hapo mwandishi ni Chris Claremont, kijana mzaliwa wa London ambaye hata miaka 25 alikuwa hajafika. Katika kundi jipya yumo John Proudstar, Thunderbird, Muapache mwenye hasira anayetaka kuthibitisha kwamba yeye ni mwanamume na shujaa wa kabila lake. La 94 linaishia kati ya pambano. La 94 ni la Agosti 1975, la 95 ni la Oktoba. Miezi miwili msomaji anakaa na Thunderbird, anamzoea, anadhani huyu ndiye mkorofi wetu wa kundi, tutakuwa naye miaka. Kisha katika la 95 adui anatoroka na ndege, Thunderbird anairukia, anaipigapiga kwa mikono mitupu, Xavier anamlilia akilini mwake ashuke. Hashuki. Ndege inalipuka.

Hapo ndipo nilipofunga simu. Sikuwa na toleo la 96 la kunifariji dakika ileile. Wiki nzima duka langu nimekaa na ile picha. Wewe mkuu wangu uliifunua kurasa ikawa imepita, na kosa si lako, kitabu kinakusukuma.

BI ZUHURA WA MVITA · Februari

Wanangu hamjambo. Nimefundisha Kiswahili Mombasa miaka mingi, sasa nimestaafu, mjukuu wangu ndiye aliyenifungulia uzi huu kwa sababu ya jina. Ororo. Mnajua kwamba hilo ni neno letu? Kivumishi -ororo, maana yake laini, isiyokwaruza. Kitambaa chororo, ngozi nyororo, mkono mwororo. Kama waliomwita hivyo walijua au hawakujua, mimi siwezi kusema, lakini mtoto wa mama Mkenya akiitwa Ororo, Mswahili anasikia upole wake kabla hajaiona radi yake.

KALAMU YA MERU · Februari

Shikamoo mama! Miaka ishirini nina kijitabu kile na hilo halikunijia. Nyororo, na -ororo ndani yake. Asante sana, nitaisoma kwa sikio jingine.

BI ZUHURA WA MVITA · Februari

Marahaba mwanangu. Endelea, nipo.

KALAMU YA MERU · Machi

Wadau, matoleo ya 96 hadi 99 niliyapitia bila kuandika marefu. Zimwi linatoka ardhini, wanakuja Sentinel, maroboti ya kuwinda mutanti, wanatekwa mpaka angani. Mazuri, ila yanajenga tu njia.

La 100, Agosti 1976, ndilo lililonikalisha. Wako kwenye kituo cha angani, chombo cha kurudi kimeharibika kinga, na jua linatema mionzi. Anayejua kukirusha ni daktari mmoja, na rubani atakufa. Jean Grey, mmoja wa kundi la zamani, anachota ujuzi wa daktari yule akilini mwake, anamwangusha Cyclops mpenzi wake azimie, anawafungia wote chumba chenye kinga, yeye anakaa usukani peke yake. Picha ya mwisho mionzi inampenya.

Wasomaji wa wakati ule walisubiri miezi miwili kujua. Mimi siku saba. Katika la 101 chombo kinaanguka uwanja wa ndege wa New York, kinazama kwenye Jamaica Bay, na kutoka majini anainuka Jean aliyevaa kijani na dhahabu, anajiita Phoenix. Kila mtu anaikumbuka picha ile. Mimi nakumbuka zaidi wale waliobaki majini wanamtazama wasijue kama wafurahi.

Sasa la 102, na hili Mwana wa Kitui nimeliandika nikikuwaza wewe.

Wako Ireland, ngome ya ukoo wa Banshee, mmoja wa kundi. Juggernaut anawashambulia, jitu lisilozuilika. Kila mmoja anapigana, na Ororo, yule waliyemwita mungu, yuko sakafuni anatetemeka. Amebanwa ndani ya kuta na pumzi haitoki. Wenzake wanapigwa naye hawezi kuinua kidole. Ndipo Claremont anatufungulia maisha yake, kurasa chache zilizobanana maneno.

Baba yake David Munroe, mpiga picha Mmarekani mweusi wa Harlem. Mama yake N'Dare, binti wa kifalme kutoka Kenya. Walihamia Cairo Ororo akiwa mtoto. Ikaja vita ya Mfereji wa Suez, 1956. Tunajua katika historia kwamba ndege za Uingereza na Ufaransa zilianza kuipiga Misri mwishoni mwa Oktoba mwaka ule. Katika hadithi, ndege inaanguka juu ya nyumba yao. Baba na mama wanakufa. Mtoto anafukiwa kifusini, hai, kando ya maiti ya mama yake.

Ukishasoma hapo unarudi kwenye ile sakafu ya Ireland na unaelewa kwa nini kuta zinamnyonga.

Baada ya hapo akawa mtoto wa mitaani Cairo, mwizi stadi wa mifukoni na wa kufuli. Alipokaribia ujana, kitu kikamwita kusini. Akatembea. Jangwa, Sudan, mpaka nchi ya mama yake. Kutoka Cairo hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 3,000 hata ndege ikikata moja kwa moja.

Kwa hiyo yule aliyesimama kwenye mwamba 1975 hakuwa mungu aliyeota pale kama uyoga. Alikuwa yatima aliyeitafuta nchi ya mama yake, akafika, na watu walipoona anachoweza wakamweka juu, mbali nao. Len Wein alichonga sanamu, na mwaka mmoja na nusu baadaye Claremont akaja kuipa sanamu ile mama na kaburi. Ni Desemba 1976 hiyo. Walioanza Mei 1975 walibeba sanamu muda wote huo.

MWANA WA KITUI · Machi

Nimesoma mara mbili. Sehemu ya kifusi imenigusa. Bado nina manung'uniko: N'Dare ni jina la wapi? Sijalisikia kwetu wala kwa majirani zetu. Na ukoo wa mama bado hauna jina. Lakini nakubali, mtoto aliyetembea mpaka kwao ninamheshimu. Nitaendelea kusoma ukiandika.

MTOTO WA PANGANI · Machi

Mkuu hizo filamu hazikunieleza hata robo ya hili.

KALAMU YA MERU · Mei

Samahanini nimekaa kimya, duka lilinizidi, lakini Ijumaa hata moja sijaruka.

Kubwa la kipindi hiki ni mchoraji. La 107 ndilo la mwisho la Cockrum kwa sasa. Lile vazi jeusi la Ororo lenye joho, na Nightcrawler, na Colossus, ni kazi ya mkono wake. Toleo la 108, Desemba 1977, anaingia John Byrne, wino anapiga Terry Austin. Nilipanua picha kwa vidole nikalinganisha. Cockrum anapenda miili ikiwa angani, vyombo vya anga na mavazi. Byrne anapenda nyuso. Mkono wa Austin ni mwembamba sana, unaona mpaka nyufa za ukuta na mikunjo ya shuka. Kundi likaanza kufanana na watu wanaoishi nyumba moja: mmoja anasoma gazeti, mwingine kaegemea mlango, wawili wananong'ona kwa nyuma ndani ya kisanduku, yaani picha moja ya ukurasa.

Na kuanzia la 112, Agosti 1978, likawa gazeti la kila mwezi.

(La 106 na 110 ni za kujaza pengo. Msizipoteze usingizi.)

KOBE MZEE · Mei

Kwa Byrne tuko pamoja. Hapo ndipo mimi nilipoanza kufurahia.

KALAMU YA MERU · Mwisho wa Juni

Leo ni la 117, Januari 1979, na imebidi niandike usiku huuhuu.

Kwanza hali ilivyo. Katika la 113 kundi lilipigana na Magneto, adui wao mkubwa, chini ya ardhi Antaktika, volkano ikafumuka. Jean na Beast, naye wa kundi la zamani, wakatokea juu, wakaamini wenzao wote wamekufa. Wenzao nao, wakiwa upande wa pili, wakaamini Jean na Beast wamekufa. Sisi wasomaji tunajua wote wako hai. Kosa hilo linabaki bila kusahihishwa mpaka la 125, Septemba 1979. Mwaka mzima wa msomaji wa wakati ule! Jean anaomboleza Scotland, Cyclops anajishangaa kwa nini halii, Xavier anakata tamaa anaondoka duniani. Kobe Mzee, kwenye mkusanyiko wako huo ni usiku mmoja wa kugeuza kurasa. Mimi bado nina wiki nane za kubeba jambo ninalolijua mimi na wao hawalijui, na nimeanza kuongea na simu: mpigieni, jamani, mpigieni.

Sasa la 117. Xavier, kabla ya kuondoka, anakumbuka ujana wake. Yuko Cairo, anatembea sokoni. Mtoto wa kike anamchomolea pochi. Xavier anamshika kwa akili yake, anamtazama: msichana mdogo mweusi, nywele nyeupe, macho ya buluu. Kabla hajamfuatilia, akili nyingine yenye giza inamgusa kutoka mgahawani, ni Amahl Farouk, na pambano linaanza. Mtoto anapotelea kwenye umati.

Hakuna anayetamka jina lake. Anachukua visanduku vichache tu. Xavier alikuwa naye mkononi miaka mingi kabla ya ile mvua ya Kenya, akamwacha aende. Kama sikuwa nimesoma la 102 mwezi Machi nikalibeba miezi mitatu, ningepita hapo bila kusimama. Nilisimama. Mke wangu akaniuliza kuna msiba gani.

BI ZUHURA WA MVITA · Juni

Hiyo ndiyo kazi ya msimulizi anayekuamini. Bibi yangu alikuwa akitusimulia hadithi usiku, akifika mahali anasema "kesho", na hatubishi. Kesho yake hakuanza kwa kukumbusha. Anayekumbuka amekumbuka.

KALAMU YA MERU · Agosti

Wakuu, nimefika 122.

Nilifunga duka mapema. Nikatoa bahasha ya kaki, nikaweka kijitabu changu mezani, simu pembeni yake. Kurasa zilizonyofoka miaka yote hii zikaonekana kwa mara ya kwanza.

Zinamhusu Colossus. Niliyekuwa sijui lolote juu yake, kumbe ndiye aliyefungua toleo langu. Yuko chumba cha mazoezi, amebanwa na mtambo unaomgandamiza, misuli ya chuma imetuna, na nguvu si tatizo lake. Tatizo ni moyo. Kijana wa shambani kaacha wazazi na dada, na hajui kama anastahili kuwa pale. Na anayemvusha ni Wolverine, yule mkali asiyependa mtu, kwa njia yake ngumu ya kumlazimisha kijana ajiamini. Nilidhani toleo lile ni la Ororo peke yake. Ni la watu wawili walio mbali na kwao.

Kisha nikafika ukurasa wangu wa kwanza, ule wenye doa la chai, na nikausoma kwenye karatasi, si kwenye simu. Ororo anapanda kuelekea nyumba ya baba yake. Mwaka 2004 niliona mwanamke wa ajabu kwenye jengo bovu. Sasa naona mtoto wa kifusi anarudi kutafuta alama ya baba. Amembeba mama mpaka Kenya kwa miguu, sasa ni zamu ya baba. Na ndani ya nyumba ile anakuta watoto waliotupwa kama yeye alivyokuwa Cairo, wana sindano, wana visu, wanamgeuzia visu hivyo. Hawezi kuwapiga radi. Luke Cage na Misty Knight, mashujaa wengine wa New York, ndio wanaomsaidia kutoka.

Jina la toleo linamaanisha "walilieni watoto". Jalada ndilo lingeniambia mengi, nami sikuwa nalo, na ukurasa wa jina haukuwepo. Nilikuwa nimelilia bila kujua kwamba nimeambiwa nilie.

MTOTO WA PANGANI · Agosti

Mkuu, nimesoma hii kwenye daladala nikapitiliza kituo.

MWANA WA KITUI · Agosti

Harlem sasa ina ngazi, ina mlango, ina watoto wenye nyuso. Natamani Kenya ingepewa ukurasa kama huo. Lakini naona mwandishi alikuwa anajifunza.

KALAMU YA MERU · Oktoba

Kwa haraka kabla sijalala. Katika la 125 simu ilipigwa, wamejuana wako hai, nilipiga kofi peke yangu gizani. Katika la 129, Januari 1980, anaingia Kitty Pryde, msichana wa miaka kumi na tatu na nusu, anapenya kuta. Pia kwa matoleo kadhaa sasa kuna bwana mmoja mtanashati, Jason Wyngarde, anayemzunguka Jean na kumtia ndoto za maisha ya zamani yasiyo yake.

Leo la 132. Kundi zima limeingia Hellfire Club, klabu ya matajiri New York, na wote wamenaswa. Wolverine kaongezwa uzito akatoboa sakafu mpaka akazama kwenye mfereji wa maji machafu. Basi, imekwisha. Ukurasa wa mwisho, kisanduku cha mwisho: mkono unashika bomba, halafu uso wake kwenye maji yale, meno nje, anawaambia walioko juu kwamba wao wamemaliza zamu yao, sasa ni yake.

Halafu Ijumaa ijayo! Tuliokua tukisubiri Sani, gazeti letu la katuni, ifike kwenye meza ya magazeti mnaijua hali hii. Unatoka dukani kwenda kuangalia, unarudi mikono mitupu.

KOBE MZEE · Oktoba

Nakiri nililipita kisanduku hicho. Nakumbuka pambano lililofuata, kisanduku sikumbuki. Nimekwenda kukitafuta sasa hivi. Kweli ni kikubwa.

KALAMU YA MERU · Novemba

La 137. Septemba 1980, senti 75, kurasa 35 za hadithi.

Nianze na la 135. Jean amevunjika, nguvu ya Phoenix imemtawala, ana njaa, anaimeza nyota. Kuizunguka nyota ile kuna sayari ya watu wa D'Bari, bilioni tano. Tunawaona kwa kisanduku kimoja wakitazama juu. Wanakwisha.

Claremont na Byrne walikuwa wamemaliza toleo la 137 kwa namna nyingine: Jean ananyang'anywa nguvu zake, anarudi nyumbani akiwa mtu wa kawaida. Jim Shooter, mhariri mkuu wa Marvel, akakataa. Aliyeua bilioni tano hawezi kurudi nyumbani tu kama kwamba hakuna kilichotokea. Mwisho ukaandikwa na kuchorwa upya, na ule wa kwanza ukachapishwa baadaye, 1984. Nimesoma yote miwili. Shooter alikuwa na haki, ingawa naumia kusema hivyo. Wale wa kisanduku kimoja nao walikuwa na watoto.

Usiku kabla ya pambano, kila mmoja yuko na mawazo yake. Asubuhi wanapigana Mwezini na walinzi wa Shi'ar, himaya ya huko angani, mmojammoja wanaanguka, wanabaki Scott (ndiye Cyclops) na Jean. Nguvu inaanza kumrudia. Jean anamuaga Scott, anaamsha silaha ya kale iliyofichwa pale, anajiua mbele ya macho yake.

Miaka minne, tangu yule aliyekaa usukani peke yake katika la 100. Nimemjua tangu Februari. Sikuandika wiki iliyofuata kwa sababu hiyo.

BI ZUHURA WA MVITA · Novemba

Pole mwanangu. Na Ororo je? Yule alikuwa rafiki yake.

KALAMU YA MERU · Mwisho wa Novemba

Mama, ndiyo maana nimerudi.

La 138 ni mazishi. Cyclops anakumbuka yote tangu 1963, kisha anaaga, anaondoka. Anapotoka, Kitty ndiyo anawasili.

La 139, Novemba 1980, kundi lina kiongozi mpya. Ni Ororo. Hakuna sherehe kubwa. Yule aliyeletwa 1975 akiambiwa wewe si mungu, sasa ndiye anayetoa amri, na Wolverine anamsikiliza. Nimeangalia mbele kidogo tu, tarehe peke yake, nikaona ana safari ndefu: Claremont aliandika mfululizo huu mpaka 1991. Sijachungulia zaidi.

Katika toleo hilohilo Ororo anampeleka Kitty mjini, kwenye darasa la dansi la Stevie Hunter. Ni jambo dogo kabisa. Mtoto ametoka kwa wazazi wanaogombana, haijui nyumba, anawaogopa baadhi ya wakazi wake. Na anayemshika mkono kumpeleka kucheza ni yule aliyelala kifusini kando ya mama yake.

Mama, lile neno lako la Februari, nilikumbuka hapo. Mkono mwororo.

Ijumaa la 140. Kobe Mzee, umesema umerudi la 94?

KOBE MZEE · Mwisho wa Novemba

Nimerudi. Niko la 95, jana. Nimefunga simu, sijafungua la 96.